Ujira wa Mfanyakazi wa Nyumbani na Swali la Ridhaa

Anayetafuta mtu wa kumfanyia usafi wa nyumba, awe wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, kwa kawaida huanza kwa kuuliza majirani wanalipa kiasi gani, na akishatajiwa kiasi hicho hukichukua kuwa ndiyo gharama yenyewe, kana kwamba kile ambacho wengi wanalipa na kile ambacho mfanyakazi anastahili ni kitu kimoja. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo, ambao wamelijadili suala la ujira kwa karne nyingi, hawakukubali kwamba mambo hayo mawili ni sawa, na sababu walizozitoa zinazigusa moja kwa moja nyumba za leo, ambamo msichana aliyetoka Singida au Iringa hudeki, hufua, hupika na kulea kwa malipo ambayo mwajiri wake asingekubali kuyapokea hata kwa wiki moja. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: ikiwa mfanyakazi ametajiwa ujira na akaukubali bila kushurutishwa na mtu yeyote, je, kukubali kwake kunatosha kuufanya ujira huo uwe wa haki?

Yafaa hesabu itangulie hoja. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Januari 2023 iliwagawa wafanyakazi wa nyumbani katika makundi kulingana na mwajiri: wanaofanya kazi kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa shilingi 250,000 kwa mwezi, wa maofisa wenye stahili ya kuwekewa mfanyakazi wa nyumbani shilingi 200,000, wengine wasioishi kwa mwajiri shilingi 120,000, na wengine wanaoishi humo humo shilingi 60,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani takriban saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo chini ya amri hiyo mwenye shilingi 60,000 alilipwa kama shilingi 308 kwa saa ikiwa ukomo huo uliheshimiwa. Lakini anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko na kuwaandaa watoto wa shule, na kulala saa nne usiku baada ya kuosha masufuria ya chakula cha jioni, hafanyi kazi kwa saa 45. Hata akihesabiwa saa 12 tu kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, saa zake hufika 312, na kwa kima hicho kila saa moja huwa imenunuliwa kwa shilingi zisizozidi 193.

Huenda ikasemwa kwamba tofauti ya shilingi 60,000 ambayo amri hiyo iliiweka kati ya anayelala kwake na anayelala kwa mwajiri ni malipo ya chakula na malazi, na kwamba kwa hiyo hakuna aliyepunjwa. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, kwa kuwa kula na kulala mjini ni ghali, ila inasahau kuuliza malazi hayo yanamnufaisha nani. Mfanyakazi anayelala nyumbani kwa mwajiri ndiye anayefungua geti usiku wa manane, ndiye anayembembeleza mtoto aliyeamka akilia, ndiye anayeyakinga maji ya bomba yanapotoka saa tisa usiku na kuyajaza mapipa, na mara nyingi godoro lake hutandikwa sebuleni au stoo, mahali ambapo hawezi kulala kabla ya wenye nyumba hawajamaliza kutazama televisheni. Malazi ya namna hiyo humuweka mfanyakazi karibu na kazi kwa saa zote 24, na ni vigumu kuona kwa haki gani yeye ndiye akatwe ujira kwa ajili ya jambo linalomfaa zaidi mwajiri.

Sheria ya Kiislamu inauweka mkataba wa kazi chini ya mlango wa ijara, maana yake makubaliano ya kuuza manufaa ya kitu au ya mtu kwa malipo maalumu. Wanazuoni hutofautisha waajiriwa wa aina mbili: yule anayeahidi kazi fulani, kama fundi cherehani anayeshona kanzu za watu wengi, na yule anayeahidi muda wake kwa mtu mmoja, ambaye mfanyakazi wa nyumbani ni mfano wake wa wazi. Kwa huyu wa pili kinachouzwa ni muda, na kwa kuwa kitu kinachouzwa ni lazima kijulikane, muda huo hauna budi kuwa na mipaka. Katika dhehebu la Shafi, ambalo ndilo linalofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hata kumwajiri mtu kwa chakula na mavazi yasiyobainishwa kiasi chake hakukubaliki, kwa sababu malipo yenyewe hayajulikani. Wafuasi wa dhehebu la Malik waliliruhusu jambo hilo kwa kutegemea desturi. Tena wanazuoni wa Shafi husema kwamba nyakati za sala zimetolewa ndani ya muda wa mwajiriwa bila ujira wake kupunguzwa.

Matokeo ya kanuni hizi ni mazito kuliko yanavyodhaniwa na wengi wanaozisikia msikitini. Mkataba uliokosa sharti la msingi huitwa fasidi, yaani wenye kasoro inayouharibu, na hukumu yake, kama inavyoelezwa katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za Zanzibar na Lamu, ni kwamba kazi ikishafanyika mfanyakazi anastahili ujira wa mfano, maana yake kiwango ambacho kazi kama ile hulipwa kwa kawaida na watu waadilifu, hata kama kiwango walichotajiana kilikuwa kingine. Msichana aliyepokelewa stendi na dalali, akaambiwa mshahara bila kuambiwa saa za kazi, siku ya mapumziko wala mipaka ya majukumu, akajikuta analea, anapika, anafua na kuuza barafu za tajiri wake mchana, yumo katika mkataba ambao ni taabu kuuona kuwa umesihi. Kwa hiyo ridhaa yake, ambayo mwajiri huitaja kama ngao, haijibu swali, kwa kuwa mtu hawezi kuridhia jambo ambalo hakuambiwa.

Wanateolojia wa Kikatoliki walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, uliohusu hali ya wafanyakazi wa viwandani Ulaya, alikiri kwamba mapatano huru yana nafasi yake, lakini akaweka juu yake kanuni ya haki ya asili, yaani haki inayotokana na kuwa binadamu na isiyosubiri sheria ya serikali, kwamba ujira usipungue kile kinachomtosha mfanyakazi mwenye matumizi ya kiasi kuishi; na mtu anayekubali chini ya hapo kwa kuogopa balaa kubwa zaidi, kwa mtazamo wake, amefanyiwa nguvu na dhuluma. Fundisho hili liliandikwa kwa kufikiria viwanda, lakini lina nguvu zaidi ndani ya nyumba. Mfanyakazi wa kiwandani huwa na wenzake wa kushauriana nao, ilhali wa nyumbani yuko peke yake mbele ya tajiri wake, nauli ya kurudi kwao hana, na pengine ile aliyojia mjini inakatwa katika mishahara yake ya kwanza. Vipo vyama vinavyowatetea, kama CHODAWU nchini Tanzania na KUDHEIHA nchini Kenya, ila kumfikia mtu aliyefungiwa geti kutoka asubuhi mpaka usiku ni kazi ngumu kwa chama chochote.

Ipo hoja nyingine ambayo huzungumzwa kwa upole na ambayo, pengine kwa upole wake, hufanya madhara makubwa: kwamba dada wa kazi ni kama mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani halipwi kwa saa. Undugu ni jambo tukufu na hakuna sababu ya kuudharau. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dharr, aliwaita watumishi ndugu, akaagiza walishwe kile anachokula bwana wao, wavishwe kile anachovaa, na wasibebeshwe wasichokiweza. Hata hivyo agizo hilo linamtwika mzigo mwenye nyumba, wala halimpunguzii. Katika nyumba nyingi mambo yamegeuzwa: undugu hutajwa siku ya mshahara na siku ya kuomba likizo, kisha husahauliwa wakati wa chakula, ambapo huyo anayeitwa mtoto hula jikoni, baada ya wengine, kilichobaki chini ya sufuria, na husahauliwa tena wakati wa ada ya shule. Mtoto wa kweli hurithi na husomeshwa, na akiugua hapelekwi stendi kurudishwa kijijini.

Kipimo kinachofaa, ikiwa ridhaa, soko na undugu vimeshindwa kutoa jibu, kinaweza kupatikana katika Sura ya Al-Mutaffifin, sura ya 83 ya Kurani, inayowaonya wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wafasiri wameielekeza zaidi kwa wafanyabiashara wa sokoni, lakini muda nao hupimwa. Mwajiri anayedai kazini kwake posho ya kikao, malipo ya saa za ziada, likizo ya siku 28, michango ya hifadhi ya jamii na kiinua mgongo, huku akimnyima mfanyakazi wake Jumapili moja ya kupumzika, ana vipimo viwili vya kitu kile kile, yaani saa ya maisha ya binadamu. Haki haidai mishahara yao ilingane. Inadai kwamba kila kitu ambacho mmoja anakihesabu kuwa ni haki yake, kihesabiwe pia kwa mwingine kwa kadiri ya kazi yake.

Pingamizi zito hutoka kwa mwajiri ambaye naye ni maskini. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku na mwalimu wa shule ya msingi hawaajiri kwa anasa. Wasipopata wa kubaki na mtoto, hawawezi kwenda kazini. Mapokeo yanasimulia kwamba Fatima, binti wa Mtume, alipochubuka mikono kwa jiwe la kusagia alikwenda kuomba mtumishi, na badala ya mtumishi yeye na mumewe Ali wakafundishwa nyiradi za kusoma kabla ya kulala. Kisa hicho hakipuuzi uzito wa kazi za nyumbani, bali kinaonyesha kwamba haja ya kusaidiwa, hata ikiwa ya kweli, haimpi mtu haki ya jasho la mwingine. Asiyeweza kulipa mwezi mzima kwa haki anaweza kununua siku mbili za kufua na kudeki kwa wiki, kwa malipo kamili, na kazi zilizobaki zikagawanywa nyumbani, wanaume wakiwemo, jambo ambalo kwa sababu zisizo za kidini huonekana gumu kuliko kumdhulumu mgeni. Malezi ya watoto wakati wa kazi hayatatuliwi hivyo, na hapo lawama haiwezi kumwangukia muuguzi peke yake, kwa kuwa taifa linalohitaji zamu zake bila kujenga vituo vya kulelea watoto wake linafaidi kazi ya msichana yule yule.

Linabaki suala la waliokwisha kupunjwa. Wanazuoni wa Kiislamu hukubaliana kwamba haki ya mja haifutwi na toba peke yake: hurudishwa, au mwenyewe husamehe kwa hiari, na asipopatikana yeye wala warithi wake baada ya kutafutwa kwa bidii, wengi wao husema itolewe sadaka kwa niaba yake, naye akitokea baadaye ana hiari ya kudai chake. Injili ya Luka inasimulia juu ya Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne kile alichokichukua kwa dhuluma. Kwa mujibu wa mafundisho haya, mwenye nyumba aliyemtimua mfanyakazi bila kumkabidhi mishahara ya miezi mitatu ambayo alidai kumwekea, ana deni ambalo miaka kumi na tano ya swaumu au ya kushiriki jumuiya haijalipunguza, na hatua yake ya kwanza ni kumpigia simu dalali aliyemleta, kuuliza kijiji alichotoka.