Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 16: Yule kijana alijuaje?



Leo ni zamu yangu kuandika, na mwenzenu si sheikh. Hukumu za vyakula wapo wanaozijua, washikeni baada ya tarawehe muwaulize. Mimi nataka tuangalie jambo dogo tu ambalo karibu kila mmoja wetu hapa Ayalandi amelifanya, pengine wiki hii hii: kukaa mezani mkahawani, kumtazama mhudumu, na kumuuliza, "Hii ni halali?"

Mnazikumbuka Ramadhani za Juni, 2015 na 2016? Magharibi ilikuwa karibu saa 4 usiku. Katika miji midogo jikoni nyingi zilikuwa zimeshazimwa moto. Nani angefikiria kwenda kula nje? Sasa mwezi umerudi kwenye Machi. Jua linazama kama saa 12 na nusu jioni, saa ileile ambayo wenyeji wanakaa mezani. Wenzetu wa kazini wanatualika, "Njoo utafungua pamoja nasi." Mwaliko wa heshima, kuukataa kila mara si vizuri. Basi swali letu linaulizwa sana siku hizi, Cork, Limerick, Waterford, Sligo, kote.

Nalo ni zito kuliko tulivyozoea. Mombasa au Unguja unakaa, unaagiza, unakula. Hapa hata chipsi zina mambo yake, maana yako maduka yanayokaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hujui kachinjwaje. Ile supu nzito nyeupe ya samaki, inayoletwa na mkate wa kahawia, mara nyingine ina vipande vya bekoni ndani au imetiwa mvinyo. Mchuzi wa nyama huenda umepikwa kwa bia nyeusi. Kile wanachokiita "black pudding" asubuhi ni damu ya nguruwe, jina lisikudanganye ukadhani ni kitamtamu. Na ile "spice bag" wanayoipenda vijana wetu, chipsi na kuku na pilipili ndani ya mfuko, mafuta yake yamekaanga nini kabla ya kuku wako?

Sheria ya hapa inawataka wenye mikahawa waonyeshe kwa maandishi vitu 14 vinavyowadhuru wenye mzio: karanga, maziwa, mayai, haradali na vinginevyo. Nyama ya ng'ombe lazima waandike imetoka nchi gani. Lakini nguruwe hayumo katika hivyo 14, wala pombe. (Faida ndogo kwa anayeitaka: salfaiti zimo, na mvinyo kwa kawaida unazo. Ukiona alama yake kwenye mchuzi, uliza. Si yakini, maana hata matunda makavu huwa nazo, lakini uliza.) Na ajabu ni kwamba nchi hii hii ina kiwanda cha nyama ya halali huko Ballyhaunis, Mayo, mji mdogo kabisa, nao wana msikiti wao uliojengwa tangu miaka ya 1980. Nyama ipo. Ila huyo kijana anayekuletea menyu habari hizo hana.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Mwaka jana, mwezi kama huu, tulikuwa tunarudi Dublin kutoka Cork, mimi, mama watoto na watoto. Tukafungua kwa tende na maji ndani ya gari, kisha tukaingia mji mmoja wa Tipperary kutafuta chakula. Mkahawa mzuri, kuna joto, watu wakarimu. Akaja kijana wa miaka 18 hivi. Nikamuuliza, "Kuku wenu ni halali, sivyo?" Akatutazama, akawatazama watoto, akaitazama kofia yangu. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, hamna shida." Tukala tukashiba.

Garini binti yangu, ana miaka 9, akaniuliza, "Baba, yule kaka alijuaje?"

Nikamwambia, "Tumemuuliza, naye amejibu. Yamekwisha."

Akasema, "Lakini hakwenda kuuliza. Alisimama palepale."

Sikumjibu. Mpaka tunafika Portlaoise nilikuwa bado sijasema neno.

Nilinyamaza kwa sababu mimi naijua ile "ndiyo" inavyotengenezwa. Mwaka wangu wa kwanza nchi hii niliosha vyombo katika mkahawa mmoja Galway. Usiku mmoja wa Jumamosi, jikoni kumewaka, mhudumu akafungua mlango akapiga kelele, meza ya nne wanauliza kuku ni halali? Mpishi ana oda kumi na zaidi mbele yake. Hata hakugeuka. "Waambie ndiyo." Mhudumu akarudi mbio. Na mimi ndiye niliyekuwa nikibeba maboksi ya kuku kutoka kwenye friji kila siku. Nilijua yameandikwa nini na hayakuandikwa nini. Mlango ulipofunguka tena nikamwona aliyeuliza, dada mmoja wa hijabu, ana watoto wawili. Nikaendelea kusugua sufuria.

Sijawahi kumwambia mtu habari hii. Nilikuwa na woga, karatasi zangu hazijakaa sawa, kodi ya nyumba inadaiwa. Hizo ni sababu, na ninajua kuwa haziwi udhuru kwa kuwa tu ni za kweli.

Basi tazameni. Yule dada wa Galway na mimi wa Tipperary tumeuliza swali moja na tumepewa jibu moja. Je, hali yetu ni moja? Huwa tunajiambia, "Yeye ndiye aliyesema, dhambi iko shingoni kwake." Kwa yule dada naamini hivyo hasa, na kidole kinanielekea mimi kabla ya mhudumu. Aliuliza kwa nia safi, hakuwa na njia ya kujua yanayosemwa nyuma ya mlango. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa na njaa, watoto wamechoka, nje mvua, na nikalijenga swali langu kwa namna ambayo jibu liko ndani yake. "Sivyo?" Neno hilo moja tu. Sikutaka habari kutoka kwa yule kijana, nilitaka ruhusa. Kwa hiyo nilimchukua mtoto wa watu, hana elimu ya jambo hilo, ana adabu, hataki kuwaudhi wageni wenye watoto, nikamsukuma mpaka akasema asilolijua. Kama uongo ule ni wake, aliyeuagiza ni nani?

Najua kuna atakayesema, ndugu umezidisha, dini haikutaka tuwe mahakimu kila tunapokaa kula. Ni kweli. Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea kisa cha watu walioletewa nyama na wasijue kama ilitajiwa jina la Allah. Mtume (s.a.w.) hakuwatuma wakafanye upelelezi, aliwaelekeza wataje jina la Allah wao wenyewe na wale. Na wasiwasi nao ni maradhi, tumewaona ndugu zetu wamefika hadi kuwachukia majirani kwa ajili ya pakiti ya biskuti. Vilevile katika chakula cha Ahlul Kitabu wanazuoni wana maneno yao, yupo anayekula kwa rai hiyo na moyo umetulia. Huyo hana haja ya kumtesa mhudumu, ale. Asiyekula naye asile. Ninayemsema hapa ni mtu wa katikati, yaani mimi, ambaye sina rai ya kwanza wala subira ya pili, nikaja nikaununua utulivu wa moyo kwa mdomo wa kijana wa miaka 18.

Na hili limeniuma zaidi kwa kuwa ni Ramadhani. Mchana kutwa hakuna aliyenisimamia. Bomba la maji liko jikoni kazini, mlango unafungwa, na sikunywa. Sikuhitaji mtu aje aniambie nimefunga au sikufunga, nilijua mwenyewe na Mola wangu. Halafu jua likazama, na dakika ishirini baadaye natafuta shahidi wa kunisemea.

Rafiki yangu wa kazini, Muayalandi mwenyewe, aliwahi kunifahamisha kwamba lugha yao ya asili haina neno moja la "ndiyo" wala neno moja la "hapana". Unarudisha kitenzi. Ukiulizwa "Ulikwenda?" utasema "Nilikwenda" au "Sikwenda." Nasi Kiswahili tunaweza hivyo, ila tuna njia ya mkato. Nimelifikiria sana jambo lile. Swali la "halali, sivyo?" linajibiwa kwa kutikisa kichwa. Lakini muulize mtu, "Chipsi hizi mnakaanga kwa mafuta gani?" hapo hawezi kutikisa kichwa. Ama anajua, ama itabidi aende jikoni. Na pale unapomwona anasita, mrahisishie: mwambie kama hujui si kitu, nitakula kingine. Mara nyingi mtu hadanganyi kwa ubaya, anadanganya kwa sababu umemfanya aone "sijui" ni aibu.

Mnaofanya kazi jikoni, na humu kwenye kundi mpo wengi, nanyi mnajua kilichoandikwa kwenye maboksi. Mimi sina uso wa kuwaambia mfanye nini. Nawaambia tu kwamba ni miaka kumi na mbili na bado nauona ule mlango unavyofunguka.

Juzi wenzangu wa ofisini walinialika Kilkenny. Nilifungua kwa tende zangu, nikaswali pembeni ya maegesho, nikaingia. Nikamuuliza binti aliyetuhudumia kuhusu mafuta ya chipsi. Akasema, "Sijui, ngoja niulize." Akarudi na mpishi mwenyewe, amevaa aproni, ameshika taulo. Mafuta ya ng'ombe, akasema. Samaki? Samaki amekaangwa humo humo. Supu ina bekoni. Mchuzi wa uyoga una mvinyo. Akafikiri kidogo, akasema anaweza kunichemshia viazi na kunitilia siagi, na mkate upo. Nikala viazi na mkate na chai, wenzangu wakinitania, mezani kumechangamka. Yule binti aliniomba radhi mara tatu. Kila mara nikamwambia hajakosa kitu, amenijibu.

Tangazo: ndugu zetu wa Galway, jua kwenu linazama kama dakika 11 baada ya Dublin, msifungue kwa ratiba ya huku. Na Ijumaa futari ni hapa msikitini, wali wa nazi. Anayeweza kubeba sufuria kubwa aje mapema.