Namna ya Kukata Shauri



Mama mmoja wa darasa letu la ubatizo, auzaye unga wa mahindi kando ya barabara iendayo Lubumbashi, aliniuliza baada ya mafundisho: "Mwalimu, wauzaji wote wamegonga makopo yao kwa nyundo, kitako kikapanda juu. Kopo laonekana limejaa, kumbe unga umepungua. Nami langu nimeligonga. Nikilinyoosha peke yangu, watoto watakula nini?"

Nilimjibu upesi: amri ya saba, usiibe. Jibu lilikuwa la kweli, lakini nilipomwona ameinama na kunyamaza, nikatambua kwamba sikumsaidia. Amri aliijua. Alilotaka kujua ni namna mtu anavyokata shauri pale ambapo amri iko upande mmoja na sufuria tupu upande wa pili.

Mara nyingi sisi wanadamu hatukati shauri hata kidogo, twafuata tu. Jirani amegonga kopo, nami nagonga. Mzazi mmoja amemtoa mtoto shuleni ili akaoshe mawe ya shaba mtoni, na wa pili amtoa wake. Tukiulizwa sababu, twasema, "Ndivyo wafanyavyo watu." Hata sisi walimu twasema hivyo, tusijidanganye.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru, yaani kuuagiza mkono utende lile ambalo akili imeliona kuwa jema. Tendo la kwanza ndilo tulidharaulo. Mama yule alidhani njia ni mbili tu, kuiba au kulala njaa. Tukaketi, tukahesabu. Gunia moja latoa makopo mangapi yaliyo sawa? Kusaga kwagharimu franga ngapi? Ikaonekana njia ya tatu: kulinyoosha kopo na kuongeza bei kidogo, waziwazi, mnunuzi ajue alipacho. Lakini nilimwambia pia kwamba busara haiahidi faida.

Mtazameni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Kazi yake huko Goma ilikuwa kukagua bidhaa zilizoingia nchini. Watu walitaka kumpa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika, naye akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Yeye pia angeweza kusema kwamba wengine hupokea. Lakini aliwafikiria wale ambao hawakuwapo pale fedha zilipotolewa, yaani watu ambao wangekila chakula kile. Hao ndio tuwasahauo tutafutapo shauri: twawauliza wauzaji wenzetu, wala hatumfikirii mnunuzi, ambaye naye ana sufuria, na watoto wanaomngoja.

Hukumu mama aliitoa mwenyewe, bila kunitazama. Likabaki tendo la tatu, gumu kuliko yote, kwa maana mtu huona lililo jema jioni, na asubuhi mkono wake ukakataa. Nilimshauri asingoje mpaka mnunuzi asimame mbele yake ndipo afikiri. Saa hiyo njaa husema kwa sauti kubwa kuliko dhamiri. Akate shauri nyumbani, usiku, baada ya sala, akimwomba Roho Mtakatifu.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, kopo lake amelifunga ndani ya kitambaa, akaniomba nyundo ya shule. Aligonga kitako kutoka ndani mpaka kikalala sawa, akaenda zake barabarani. Juma lile alirudi nyumbani na zaidi ya nusu ya unga wake. La pili bado sijamwuliza.