Kumwagilia Kuni

Je, kitu kisichozaa leo kina haki ya kupewa maji?

Hapa Busia swali hili halina uzito. Pilipili ukiipanda nyuma ya nyumba, upande wa Kenya au wa Uganda, inaweza kukaa miaka. Kiangazi cha Januari kikiipukutisha majani, mvua za Machi zinairudisha. Na ikifa, basi, mbegu ziko sokoni.

Wenzetu waliopelekwa Kanada na Norwei wana hesabu nyingine. Kule joto likishuka chini ya nyuzi 10, pilipili inaacha kukua, na usiku mmoja wa barafu unaiua. Kwa hiyo wanaiingiza ndani mapema. Wanaipogoa mpaka kinabaki kijiti chenye matawi mawili matatu. Wanaiweka dirishani penye mwanga na kuipa maji kidogo sana, maana mizizi ikilowa inaoza. Vidukari wanavitoa kwa mkono. Hivyo hivyo miezi mitano, na hakuna pilipili hata moja. Rafiki yangu aliyeko huko anasema anayeishi naye humcheka: "Wewe unamwagilia kuni?"

Jibu la haraka ni faida. Mmea wenye mizizi ya mwaka jana huzaa mapema kuliko mche mpya, na joto la kule ni la muda mfupi. Ni kweli kabisa. Lakini jibu hilo linanisumbua, kwa sababu ndilo tunalotumia hata kwa watu.

Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi walivuka hapa Busia na pale Malaba. Wakawekwa kambi ya Mulanda, Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Wiki zile walikuwa wanazaa nini? Walikuwa wanahitaji mahali pa kulala tu.

Siku hizi mkimbizi akitetewa, utasikia: ana kipaji, atafungua biashara, atakuza uchumi. Sisi wenyewe tunaofanya kazi na vijana tunaandika hivyo kwenye fomu za kuomba msaada. Maneno ni mazuri, ila yana shimo. Yule mama aliyechoka, yule kijana asiyeongea na mtu, tumeshawatoa kwenye hesabu bila kuwataja.

Mtu atasema maji hayatoshi, lazima kuchagua. Sawa, sikatai. Lakini tazama kile kijiti kinadai nini: dirisha na kikombe cha maji mara moja moja. Anayekiua mara nyingi ni yule mwenye haraka, anayekimiminia maji na mbolea kizae kwenye baridi.

Kwa hiyo nasema kina haki, na haki hiyo haitokani na pilipili za Julai. Zikija tutakula, tena kwa furaha. Ila kwa sasa kiko hai, na kiko mikononi mwetu. Kwangu hiyo inatosha. Wewe msomaji, kwako inatosha?