Ukipiga Hivyo Watasema Tulihama

Mlango unaotazama barabara ni wa nani: wa aliyeufunga, au wa kila apitaye? Swali hili nalibeba pamoja na kamera kila nipandapo matatu Molo kwenda Olenguruone kupitia Keringet, maana picha nizipendazo kuliko zote ni za milango ya mbele ya nyumba za watu wa kawaida. Wenzangu wa kamera wana jibu moja: kilicho barabarani ni cha barabara, na jicho halitozwi ushuru. Sikubaliani nao.

Mimi ni Mwislamu wa Bondeni, Nakuru. Madrasa tulifundishwa Sura ya An-Nur, aya ya 27: usiingie nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe. Tukafundishwa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea mtu aliyemchungulia kupitia tundu la mlango, akasema kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Jicho ndilo linaloingia kwanza. Ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi huku juu Mau, wana amri ya jirani katika Kumbukumbu la Torati 24: anayemdai mwenzake asiingie ndani kuchukua rehani, asimame nje mpaka aletewe. Ikiwa mwenye haki yake husimama nje, sembuse mimi nisiyedai kitu?

Milango ya Olenguruone haina nakshi kama ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mmoja ninaoukumbuka ulikuwa wa mabanzi, magome bado yameng'ang'ania kando, umepakwa rangi ya buluu hadi pale mkono wa mpakaji ulipofika; juu ya hapo, mbao tupu. Komeo lilikuwa kipande cha nondo kilichopindwa, na kwenye pete ya waya ilining'inia kufuli. Mwenyewe alikuwa shambani akichimba viazi. Nilibisha hodi nikiwa langoni kwa Kikalenjin, "Chamgei, kogo," yaani hujambo, bibi. Akaja akipangusa udongo mikononi, akanisikiliza, akakubali. Nilipoinua kamera akanizuia.

"Ngoja kwanza nitoe hiyo kufuli. Ukipiga hivyo watasema tulihama."

Kwingine kufuli ni kufuli tu. Hapa, miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwaleta maskwota Wakikuyu, ikawawekea masharti ya kulima, nao wakayakataa na kula kiapo. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, nyumba zilichomwa moto, watu wakakimbia. Anayeishi mahali kama hapo anajua vizuri jinsi mlango uliofungwa unavyosomwa na anayetaka shamba.

Kwangu, basi, kuomba ruhusa si adabu pekee. Picha ya mlango inatoa ushahidi juu ya mtu asiyeonekana ndani yake, na ushahidi ni amana. Mimi niliona rangi ya buluu. Kogo aliona madai ya ardhi. Angekuwa hayupo, ningeondoka na rangi yangu, na picha ingesema jambo ambalo si kweli juu yake.

Wapo wanaoniuliza: na nyumba iliyochomwa, ambayo mwenyewe yuko kambini, utamwomba nani? Hiyo piga. Aliyedhulumiwa anahitaji shahidi, na asiyetaka picha ni aliyewasha moto. Lakini mlango mzima wenye kufuli, ambao hujui kama mwenyewe kaenda sokoni au kaenda moja kwa moja, huo uache. Aya ya 28 ya An-Nur inasema kuhusu kuingia, nami naichukua kwa kamera pia: usipomkuta mtu, usiingie mpaka uruhusiwe; ukiambiwa rudi, rudi.

Wananijibu kwamba kwa mwendo huu nitakosa milango mizuri kuliko yote, hasa asubuhi, jua likiipiga ubavuni na watu wote wakiwa wameenda kuchuma majani chai. Ni kweli, hiyo naikosa.