Mtoto Hufunzwa Kula na Nani?

Ndugu zangu, jambo nitakaloliandika leo huenda likaonekana dogo, kwani lahusu chakula cha watoto na michezo yao. Lakini mambo mengi yaliyotuharibikia yalianza kwa kudharauliwa. Basi nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mhukumu.

Karibuni nilisafiri kutoka Mombasa kwenda kumzuru mtoto wa dada yangu aliyehamia Kitengela, mji ulio kusini ya Nairobi katika njia iendayo Namanga. Mahali hapo palikuwa malisho ya Wamasai. Mwaka 1988 ardhi ile ya shirika iligawanywa kwa wenyewe, kisha ikauzwa vipande vipande, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Hivi leo nyumba zimesongamana, na pa kuchezea mtoto ni haba.

Mpwa wangu hutoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, akarejea watoto wamekwisha lala. Asubuhi nilimuona akiweka fedha juu ya meza. Nikamuuliza ni za nini. Akasema, "Ni za watoto, Mjomba. Wakitoka skuli wajinunulie chipsi na soda." Nikamuuliza, "Na wewe, mwanangu, hula nao lini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nawapenda wanangu. Sijawanyima kitu."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Je, kutomnyima mtoto kitu ndiko kumpenda?

Siku ya pili tulishika njia kwenda mji wa Kajiado. Huko nje ya mji niliwaona watoto wakichunga mbuzi, wepesi wa mwendo, miguu yao haitulii. Watu wengi huwasifu Wamasai kwa hilo, na wana haki. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya Wamasai wa Tanganyika. Waliona kwamba ijapokuwa chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, maradhi ya moyo kwao yalikuwa machache mno, na mwendo wao mwingi ulihesabiwa kuwa huenda ni moja katika sababu. Lakini tusiwasifu mpaka tukasahau shida zao. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, hata ukame ulipokwisha mwaka 2023 mifugo mingi ilikuwa imekufa, na mifugo ikifa mtoto hukosa maziwa.

Basi katika njia moja kuna mtoto aliyeshibishwa kwa kisichomjenga, na mwingine aliyekosa cha kumjenga. Wote wawili hawakuchagua. Huyu wa pili amepatwa na msiba, na haki yake juu yetu ni msaada. Ama yule wa kwanza, sisi wenyewe ndio tuliomchagulia, na mwili wake ni amana tutakayoulizwa.

Wako watakaosema kwamba mtoto afunzwe haya skuli. Ni kweli, mtaala mpya wa Kenya ulioenea nchi nzima mwaka 2019 uliweka somo la usafi na lishe kwa watoto wa madarasa ya chini. Ni jambo jema. Lakini mwalimu akisema matunda, na nyumbani mtoto akakuta soda, atafuata lipi? Mtoto husikia kwa sikio, lakini hujifunza kwa jicho.

Tumtazame Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika malezi yake, na mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya sahani. Mtume akamfundisha amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Tazama mafundisho hayo yalitolewa wapi: penye chakula chenyewe, mwalimu na mwanafunzi wakila pamoja. Fedha iliyowekwa juu ya meza haiwezi kumfundisha mtoto hayo.

Mpwa wangu alinijibu, "Mjomba, nikiacha kazi watakula nini?" Ni udhuru wa haki, wala sikumlaumu kwa asichokiweza. Lakini asiyeweza kula nao siku saba, ataweza siku mbili. Na fedha ile ile ya chipsi na soda hununua ndizi, machungwa, maharagwe, sukuma wiki na maziwa.

Ama kucheza, Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtoto wa miaka mitano na kuendelea ahitaji walau dakika 60 za kujitaabisha kila siku, na yule wa miaka mitatu na minne ahitaji dakika 180 za mwendo wa kila namna. Basi baba na atembee na wanawe kwenda msikitini na sokoni, na mama asimkemee mtoto kwa kukimbia uani.

Na hapa yafaa nijilaumu mimi na walimu wenzangu wa vyuo. Mtoto hutoka skuli alikokaa mchana kutwa, tukamketisha tena mpaka Magharibi, na akihifadhi vizuri twampa peremende. Sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka watu wa Kitengela, na huku watoto wetu hushindia viazi vya karai na sharubati, na katika majumba yetu wazee wenye kisukari si wachache. Mimi nimekwisha azimia: chuoni kwangu nusu saa baada ya Alasiri itakuwa ya kukimbia na kucheza, na tunzo itakuwa tunda.

Juzi mpwa wangu aliniletea habari kwamba Jumapili sasa hupika pamoja na wanawe, wakala katika sinia moja. Mdogo wao, asema, alikula mchicha bila ya kulazimishwa, kwa kuwa alimuona babake akiula.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitimiza amana yetu. Wabillahi tawfiq.