Kitanda cha Navi Mumbai

Anayetaka kazi katika meli ya kitalii, awe mpishi, mhudumu wa mezani au msafisha vyumba, sharti apitie mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na wajibu wake kwa wenzake melini. Yamewekwa na mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, na huchukua kama wiki moja au mbili. Bandari Maritime Academy ya Mombasa huyafundisha. Chuo cha Bahari Dar es Salaam nacho huyafundisha. Bado wapo vijana wetu wanaopanda ndege kuyafuata mbali, na kinachowamaliza huko aghalabu si kozi. Ni kitanda.

Mchukulie kijana mmoja wa Likoni. Amefanya kazi katika hoteli za Diani, mikono yake mepesi na ulimi wake una adabu. Wakala anamwambia aende Navi Mumbai: kozi ya miezi 3, hosteli, chakula, na mwishowe kutafutiwa meli, vyote kwa bei moja. Mama anaomba zamu yake ya chama aipate mapema. Mjomba anauza pikipiki.

Hosteli ilikuwa chumba cha watu 6, vitanda vya juu na chini, kabati moja la chuma kwa kila wawili. Lango lilifungwa saa 4 usiku. Chakula kilikuwa dali, wali na chapati. Kupika chumbani marufuku. Umeme wa kiyoyozi ulilipwa mbali. Juni mvua za monsuni zilishuka, na tangu hapo nguo hazikukauka, viatu viliota ukungu, mafua ya mmoja yakawa ya wote. Kijana aliyastahimili haya, tena yalimfaa. Kabini za wafanyakazi melini ni ndogo, mara nyingi hazina dirisha, na hulali peke yako. Ambaye hajajifunza kuvaa gizani bila kumwamsha aliyetoka zamu ya usiku atachukiwa kabla meli haijafika bandari ya pili.

Kosa lilitendeka siku ya kwanza, mezani kwa msimamizi. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya kulala wageni aiarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 kila anapompokea mgeni kutoka nje. Kwa hiyo msimamizi kuomba pasipoti ili ainakili lilikuwa jambo la haki. Lakini alipomaliza hakuirudisha. Aliitia kwenye droo, akasema itakuwa salama humo. Wanafunzi wote walimwita anko, naye kijana, kwa malezi yetu ya pwani, akaona si adabu kumdai mtu mzima kitu alichosema anakihifadhi.

Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya. Mwenye hosteli hana ruhusa ya kuifanya rehani. Neno hilo husemeka kwa upole na kwa heshima zote, na siku ya kulisema ni ile ya kwanza, ambapo hakuna anayemdai mwenzake chochote.

Kozi iliisha, vyeti akavipata, vyeti halali. Ndipo alipoelewa kwamba kutafutiwa meli maana yake ni jina kuandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri usaili. Meli nyingi za Karibi huanzia Florida, na baharia anayepitia huko anahitaji viza ya Marekani ya C1/D, ambayo huombwa kwa barua ya kampuni. Hakuna kampuni, hakuna barua. Ile bei moja ilikuwa ya miezi 3. Mwezi wa 4 kitanda kilianza kuhesabiwa kwa siku, na viza ya masomo haikumruhusu kufanya kazi. Kila usiku aliolala ulimwongezea deni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Na meli?"

"Wiki ijayo, mama."

Hakuwa amekula. Nawaomba wazazi wanisikilize hapa, maana mambo mengi huharibika katika simu hii. Kijana aliyeondoka kwa pesa ya chama na pikipiki ya mjomba haoni njia ya kusema kwamba mambo yamekwama. Atasema wiki ijayo, na mwezi unaofuata atasema wiki ijayo. Angesema kweli mwezi wa 4, nauli ya kurudi ingepatikana. Mwezi wa 6 deni lilikuwa limeipita nauli.

Na kazi ilikuja. Meli iliyokuwa ikianza msimu wa baridi Dubai ilihitaji msafisha vyumba, na kampuni ikataka pasipoti ndani ya siku chache ili imshughulikie viza. Anko akafungua daftari la madeni badala ya droo. Walipomaliza kubishana nafasi ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Siku pasipoti ilipotoka, viza ya masomo ilikuwa imekwisha muda humo humo drooni, na India haimruhusu aliyepitiliza muda kuondoka mpaka apewe kibali cha kutoka na idara ya uhamiaji. Kibali kina adhabu yake, na siku za kukisubiri nazo zililaliwa kwenye kitanda kile kile.

Aliporudi, mjomba alikusanya risiti zote akazipanga mkekani. Kodi halisi ya kitanda ilikuwa chini ya nusu ya ile aliyotoza wakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Cha kulipa yeye ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti, na hata viza ni juu ya mwenye meli. Wakala aliijua sheria hiyo. Ndiyo maana hakudai pesa ya kazi popote katika karatasi zake. Aliitia kwenye kodi.

Mjomba alizipeleka risiti Mamlaka ya Bahari ya Kenya, inayowapa leseni mawakala wa mabaharia. Makao yake makuu yako Mombasa mjini, na feri ya Likoni haimtozi nauli mwenda kwa miguu. Jina la wakala halikuwemo kwenye orodha ya wenye leseni, na hilo lingeweza kuulizwa asubuhi yoyote kabla pikipiki haijauzwa.