Kufunga Mlango kwa Muda

Msomaji, ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, utaona nyumba nyingi zenye baraza mbele ya mlango. Mgeni hupiga hodi, na aliye ndani hujibu. Akiambiwa karibu, huingia. Akiambiwa kuwa leo hapana nafasi kwa sababu mna mgonjwa ndani, hukaa barazani au hurudi kwake, wala hana kinyongo. Lakini akisikia sauti za watu ndani, naye amekwisha piga hodi mara tatu bila ya jibu, huondoka na jeraha moyoni. Mlango ni ule ule, na umefungwa vile vile. Kilichopungua ni jibu. Nakuomba tulitafakari jibu hilo, kwa kuwa mataifa nayo yana milango na majirani.

Mtu atokaye kisiwani kwenda Tanga huvuka Likoni, akafuata njia ya kusini hata Lunga Lunga, na ng'ambo ya mpaka ni Horohoro. Mpaka huo asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao walianza kuupima kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Wadigo wakajikuta pande zote mbili. Katika Mji wa Kale si ajabu kukuta nyumba yenye shangazi Tanga, binamu Pemba na kaburi la babu Unguja. Kwa watu wa namna hii, Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, haikuleta safari mpya. Ilitambua kwa sheria safari iliyokuwapo tangu kale.

Itifaki hiyo hiyo inairuhusu nchi kuzuia wageni kwa ajili ya usalama, utulivu au afya ya watu wake, na inaitaka iwaarifu wenzake. Basi haki ya kufunga ipo. Mimi siwaungi mkono wasemao kuwa jirani mwema hafungi mlango kamwe. Yamkini hawajapata kuuguza mtu mwenye maradhi ya kuambukiza katika nyumba yenye watoto. Swali letu ni jingine: afungaye anawiwa nini na afungiwaye?

Mwaka 2020 watu wa Mji wa Kale waliupata mtihani huu mlangoni pao wenyewe. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ya Kenya iliukataza mtaa huo kuingiwa wala kutokwa kwa siku 15, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 16 ikaifunga mipaka ya Tanzania na Somalia kwa wasafiri, ila magari ya mizigo yaliruhusiwa, madereva wakipimwa. Kaunti ya Mombasa nayo ilikuwa imefungwa tangu Aprili. Kwa hiyo mkazi wa Kibokoni mwenye dada Tanga alikuwa na milango mitatu mbele yake: wa mtaa, wa kaunti na wa taifa. Idi ikamkuta ndani.

Hapa nasimama kidogo. Gunia la mahindi lilipita, na mtu aendaye kumzika mama yake hakupita. Najua kuwa bila ya mahindi njaa ingaliua wengi, na sina hoja ya kuyazuia. Hata hivyo, tazama jinsi hasara ya mfanyabiashara inavyohesabika upesi, kwa kuwa ina tarakimu, ilhali hasara ya mfiwa haiandikwi katika daftari lo lote. Afungaye mlango huona kwa urahisi kile kinachohesabika.

Lakini kufungwa kule kulikuwa na jibu. Sababu ilitajwa, na siku zilitajwa. Siku zilipokwisha, zikaongezwa hata tarehe 6 Juni, na nyongeza hiyo ikatangazwa. Watu walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika, ila walijua wanangoja nini.

Linganisha na mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa ikivunjika, shirika la ndege la pamoja limekwisha sambaratika, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Hapakuwa na tauni. Palikuwa na ugomvi juu ya mali, na kila upande ulikuwa na madai yake. Mpaka haukufunguliwa hata Novemba 1983. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwezi ule wa kufungwa alikuwa amekwisha timiza miaka sita, umri wa kwenda shule, kabla ya njia ya Lunga Lunga kumfikisha kwa bibi yake wa Tanga. Wenye nyumba walipogombana, adhabu iliwaangukia waliokaa barazani.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya zamani tu. Februari 2019, sheria ya soko la pamoja ikiwapo, Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna na Uganda. Kwa malori sababu iliyotajwa ilikuwa ujenzi. Ugomvi wa serikali mbili ulijulikana na kila mtu. Ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Jibu lisilo la kweli hushinda kimya kwa ubaya, maana mgeni huambiwa mna mgonjwa huku akisikia kicheko.

Huenda ukanipinga, msomaji, kuwa maradhi hayasomi kalenda, na serikali haiwezi kuahidi siku ya kufungua. Ni kweli. Lakini si lazima iahidi kufungua. Yaweza kuahidi siku ya kusema tena, na hilo liko katika uwezo wake daima, hata wakati wa vita. Neno "kwa muda" lisilo na siku ndani yake ni deni lisiloandikwa, na mkopeshaji hapa ni mtu asiye na mahali pa kushtaki.

Tarehe 6 Juni 2020 vizuizi vya Mji wa Kale viliondolewa kwa amri. Mkazi wetu wa Kibokoni akaweza kuvuka kivuko cha Likoni tena, lakini mlango wa kaunti ulibaki umefungwa hata Julai, na kwa dada yake kulikuwa bado mbali.